Kujenga msamiati wa GRE kwa kusoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa anayejiandaa kwa mtihani wa GRE ili aombe nafasi ya uzamili au uzamivu nje ya nchi, hasa Marekani, na ambaye kinachomtisha si hesabu bali Kiingereza cha sehemu ya Verbal. Tunajibu kuhusu jambo moja tu: namna ya kuongeza msamiati kwa kusoma. Hesabu na insha hazimo.

GRE inapima maneno wapi hasa?

Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa na unachukua saa 1 na dakika 58. Verbal ina vipande viwili: cha kwanza maswali 12 kwa dakika 18, cha pili maswali 15 kwa dakika 23. Ugumu wa kipande cha pili unategemea ulivyofanya cha kwanza. Alama huanzia 130 na kuishia 170.

Maswali ni ya aina tatu. Text Completion ni kifungu kifupi chenye nafasi wazi moja hadi tatu. Ikiwa ni moja, unapewa machaguo matano; zikiwa mbili au tatu, kila nafasi ina machaguo matatu, na ukikosea moja umekosa swali zima. Sentence Equivalence ni sentensi moja yenye nafasi moja na machaguo sita. Unachagua mawili yanayoiacha sentensi na maana ileile, na hapa pia hakuna nusu alama. Reading Comprehension, yaani ufahamu, ndiyo karibu nusu ya maswali yote.

Angalia tarehe ya vitabu unavyotumiwa kwenye makundi ya WhatsApp. Ukiona maswali ya kutaja kinyume cha neno au ya uhusiano wa jozi za maneno, hicho ni kitabu cha kabla ya Agosti 2011, maswali hayo yalipoondolewa. Ukiona vipande vya maswali 20 kwa dakika 30, ni cha kabla ya Septemba 2023. Maswali yake bado yanafaa kwa mazoezi, muda wake haufai.

Nina uhakika gani kwamba chuo changu kinautaka?

Fungua ukurasa wa programu yenyewe, si wa chuo kwa jumla. Idara nyingi zimeufuta au zimeufanya wa hiari, na ndani ya chuo kimoja utakuta uchumi wanautaka na historia hawautaki. Ofisi za EducationUSA, huduma ya ushauri kuhusu masomo ya Marekani, zilizopo Nairobi na Dar es Salaam hutoa ushauri wa aina hii bila malipo. Fanya hivi kabla ya kutumia miezi mitatu kwenye msamiati.

Orodha za maneno 1,000 zipo tayari. Kwa nini nisizimeze tu?

Kwa sababu mtihani hauulizi maana ya neno. Unauliza kama neno linakaa hapo.

Chukua maneno manne ambayo orodha nyingi huyaweka kwenye fungu moja: "frugal", "thrifty", "parsimonious", "miserly". Aliyekariri orodha anajua yote manne ni ya mtu asiyependa kutumia fedha. Sasa apewe sentensi inayomsifu mwanamke aliyewasomesha watoto watano kwa mshahara mdogo. Mawili ya kwanza yanaingia. Mawili ya mwisho yanaitukana sentensi. Kwa Kiswahili tofauti hii unaijua bila kufundishwa: mwekevu si bahili, na hakuna atakayemsifu marehemu msibani kwa kusema alikuwa bahili. Hukuipata kwenye orodha. Uliisikia mara nyingi, ikisemwa kwa watu tofauti, kwa sauti tofauti. Kusoma ndiko kunakokupa usikivu huo kwa Kiingereza.

Tatizo la pili ni kwamba orodha nyingi zinazozunguka zimerithi maneno kutoka enzi za maswali ya kinyume, wakati maneno adimu kabisa yalikuwa na kazi. Siku hizi linaloulizwa zaidi ni neno la kiwango cha juu lakini lenye kutumika: "tenuous", "corroborate", "equivocal", "mitigate", "anomalous", "underscore". Haya utakutana nayo kila wiki ukisoma makala za kitaaluma.

Hata hivyo, kusoma peke yake ni polepole. Neno hushika baada ya kukutana nalo mara nyingi, na wataalamu wengi hutaja mara kumi au zaidi. Neno kama "obdurate" huenda usilione mara kumi kwa mwaka mzima. Kwa hiyo orodha ina nafasi yake, lakini nafasi ya pili: soma kwanza, kisha tumia orodha kukagua kilichobaki, katika wiki nne za mwisho.

Nahitaji maneno mangapi?

Utafiti wa Paul Nation wa New Zealand, uliochapishwa 2006, ulionyesha kwamba kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Familia ni neno pamoja na ndugu zake: "vary", "variable", "invariably" ni familia moja. Averil Coxhead, 2000, alikusanya familia 570 za maneno ya kitaaluma, nazo hubeba karibu asilimia 10 ya maandishi ya vyuo vikuu.

Anza na hizo 570. Zinapatikana bure mtandaoni. Aliyemaliza shahada ya kwanza kwa Kiingereza anajua nyingi. Pitia zote mara moja na utie alama zile unazozielewa ukizisoma lakini huwezi kuzieleza. Hizo ndizo deni lako la kwanza. Ni kosa la kawaida sana kuhangaika na "pulchritudinous" wakati "notwithstanding" bado linakupiga chenga.

Nisome nini?

Mtihani huchukua vifungu vyake katika sayansi ya maumbile, biolojia, sayansi ya jamii, biashara, sanaa na fasihi. Hauhitaji uwe mtaalamu wa lolote, lakini unahitaji uwe umezoea jinsi watu wa fani hizo wanavyobishana kwa maandishi. Panda ngazi hivi:

Wiki tatu za kwanza soma tovuti ya The Conversation, ambayo ina toleo la Afrika. Waandishi ni wahadhiri, wahariri wamelainisha lugha, na makala nyingi ni za maneno karibu 1,000. Haina malipo.

Baada ya hapo nenda kwenye Aeon, jarida la mtandaoni lenye makala ndefu za falsafa, historia na sayansi, nazo bure. Hapa sentensi zinarefuka na mwandishi anaanza kutoa hoja asiyoiamini ili aje kuibomoa, na ndivyo vifungu vya GRE vinavyofanya.

Ngazi ya tatu wengi huiruka, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote: mapitio ya vitabu katika majarida ya kitaaluma. Fungua akaunti binafsi ya JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida hayo. Inakuruhusu kusoma mtandaoni hadi makala 100 kwa mwezi bila kulipa. Tafuta mapitio ya vitabu vya historia. Kila pitio ni kurasa mbili au tatu, na kazi yake yote ni kuhukumu: kitabu ni "ambitious yet uneven", hoja ni "plausible but under-documented", mwandishi "concedes" hapa na "overstates" pale. Sifa na lawama za heshima, zilizopakwa tahadhari, ndiyo lugha ambayo Text Completion inaipenda. Mapitio matano yatakupa maneno mengi ya tathmini kuliko kurasa hamsini za habari.

Anza na mapitio ya vitabu kuhusu mambo unayoyajua tayari: Maji Maji ya 1905 hadi 1907, Kilwa na biashara ya Bahari ya Hindi, Mau Mau, mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Ukishajua kilichotokea, akili haihangaiki na habari. Inabaki huru kuangalia neno. Baada ya mwezi hamia kwenye usiyoyajua: jiolojia, muziki wa Ulaya, historia ya wanawake wa Marekani, ikolojia ya wadudu.

Riwaya na magazeti je?

Gazeti la kila siku lina msamiati mdogo na sentensi fupi. Safu za maoni ni bora kuliko habari. Riwaya za sasa zina mazungumzo mengi mno. Riwaya za karne ya 19 zina maneno mengi ya GRE, lakini pia magari ya farasi, vitambaa na vyeo ambavyo havitaulizwa kamwe. Ukipenda riwaya, isome kitandani. Usiihesabu kama mazoezi.

Nitajuaje makala ni ngumu kupita kiasi?

Chagua aya yenye maneno 100 na uhesabu usiyoyajua. Mawili au matatu: ndiyo kiwango chako. Sita au zaidi: iache kwa sasa. Zaidi ya hapo muktadha unakufa, kwa sababu maneno ambayo yangekusaidia kukisia nayo huyajui, na unabaki kutafsiri badala ya kusoma. Wengi huanzia kwenye makala ngumu kwa kudhani ndiyo njia fupi, kisha wanaacha kusoma kabisa wiki ya pili.

Sifuri kwa aya tatu mfululizo: panda ngazi.

Nikikutana na neno nisilolijua nifanye nini, hatua kwa hatua?

1. Usisimame. Tia alama ya penseli, au bonyeza kuliwekea rangi kama ni simu, na umalize aya.
2. Rudi. Jiulize mawili tu: neno hili linasifu, linalaumu, au halina upande? Je, linaendeleza wazo lililotangulia au linaligeuza?
3. Andika kisio lako kwa maneno matatu au manne ya Kiswahili. Liandike kweli, kisio la kichwani hujirekebisha lenyewe ukishaona jibu, na hutajua kama ulikosea.
4. Fungua kamusi ya Kiingereza ya wanafunzi, ile inayoeleza kwa maneno 2,000 au 3,000 ya kawaida. Soma maana zote, chagua inayolingana na sentensi yako.
5. Linganisha na kisio. Ulipokosea, tafuta neno lililokupotosha kwenye sentensi.
6. Kama neno linastahili, nakili sentensi nzima kwenye daftari, si neno peke yake.

Mfano wa hatua ya 2. Umesoma: "Far from being a radical departure, the decree merely codified practices that had long been customary." Hulijui "codified". Lakini "far from" imekanusha kwamba ni jambo jipya, "merely" imepunguza uzito, na mwisho tunaambiwa mambo yalikuwa mazoea ya siku nyingi. Basi amri ilichukua kilichokuwepo na kukiweka kwenye maandishi ya sheria. Umefika bila kamusi, na njia uliyopita ndiyo utakayoipita kwenye chumba cha mtihani.

Niandike maneno mangapi kwa siku?

Matano hadi manane. Fanya hesabu: ukisoma dakika 40 kwa kasi ya maneno 150 kwa dakika, umepita maneno 6,000. Kama hujui mawili katika kila 100, hayo ni maneno 120. Ukiyaandika yote utaandika kwa saa tatu, na kesho hutasoma. Ukichukua sita kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki 12, una maneno 432 unayoyamiliki. Hayo yanatosha kubadilisha alama.

Chagua hivi: neno ulilolikuta mara ya pili wiki hiyo linaingia moja kwa moja. Neno la tathmini, la hoja au la tabia linaingia. Jina la mmea, kifaa, ugonjwa au sehemu ya jengo haliingii. Likitokea kwenye kifungu cha ufahamu, kifungu chenyewe kitalieleza au swali halitalihitaji.

Kadi ya neno iwe na nini? Na je, kamusi ya Kiingereza–Kiswahili inatosha?

Haitoshi, lakini usiitupe. Itumie mwisho, kuhakikisha umeelewa. Shida yake ni kwamba inabana maneno mengi kwenye neno moja: "laconic", "terse", "succinct", "concise" na "curt" yote yanaweza kuishia kwenye "-fupi". Lakini "curt" ni ufupi wa mtu aliyekukatisha kwa ukali, "terse" unaegemea upande huo, "laconic" ni wa mtu asiyependa maneno mengi, na "succinct" na "concise" ni sifa njema.

Upande wa mbele wa kadi: sentensi uliyoikuta, neno likiwa limefutwa. Upande wa nyuma: neno, maana yake kwa maneno yako, Kiswahili au Kiingereza, mstari mmoja, alama ya kujumlisha, kutoa au sifuri kuonyesha kama linasifu, linalaumu au halina upande, na neno moja la karibu pamoja na tofauti yake. Basi. Kadi yenye visawe kumi haisomeki siku ya tatu.

Kufuta neno ni muhimu kuliko kunavyoonekana. Kadi yenye "tenuous" mbele inakuzoesha kulitambua. Kadi yenye pengo inakuzoesha kulitafuta, na pengo ndilo utakaloliona kwenye skrini.

Nirudie lini?

Siku inayofuata, kisha baada ya siku 3, 7, 16 na 35. Ukikosea, kadi inarudi mwanzo. Programu ya Anki hupanga marudio yenyewe, ni bure kwenye kompyuta na kwenye simu za Android. Ukipenda karatasi, tumia visanduku vitano: kadi uliyopata inasogea mbele, uliyokosa inarudi cha kwanza.

Weka kikomo cha dakika 15 kwa siku. Kadi zikirundikana mpaka 200, acha kuongeza mpya kwa wiki nzima. Na kila Jumamosi soma tena makala moja ya wiki mbili zilizopita, nzima, bila daftari. Ni hapo utakapoona maneno uliyoyatoa jasho yakipita bila kukushika mguu, na mengine uliyodhani unayajua yakikusimamisha.

Kwa nini naelewa maneno yote ya sentensi lakini nakosa swali?

Mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili.

Ya kwanza ni maneno ya kawaida yenye maana ya pili. "Qualified praise" si sifa za mtu mwenye sifa za kazi. Ni sifa zenye masharti. "For want of evidence" ni kwa kukosa ushahidi. "Economy of language" ni kutumia maneno machache. "Check" ni kuzuia, "temper" ni kupunguza ukali, "pedestrian" ni kitu kisicho na mvuto wowote, "arresting" ni cha kuvuta macho, "sanction" ni kuidhinisha na pia kuadhibu, "the conditions that obtained" ni hali iliyokuwapo. Waliozoea lugha ya mabunge yetu wajihadhari na "table": kwa Kiingereza cha Uingereza, na chetu, ni kuwasilisha hoja, kwa cha Marekani ni kuiweka kando. Unaposoma, neno rahisi linapoonekana kukaa vibaya, ndilo la kufungulia kamusi. Wengi hulipita kwa sababu wanalijua.

Ya pili ni maneno madogo, na hapa ndipo alama nyingi zinapopotelea. Jaribu hili la Sentence Equivalence:

"The committee's report was anything but ______: it ran to forty pages and repeated itself on nearly every one."

Machaguo: succinct, verbose, concise, prolix, candid, ornate.

Asiyejua "anything but" anaona kurasa arobaini na marudio, anachagua "verbose" na "prolix", yote mawili ya maneno mengi kupita kiasi, na anaridhika kwa sababu ni jozi safi. Lakini "anything but" maana yake ni "siyo kabisa". Ripoti ilikuwa kila kitu isipokuwa fupi: jibu ni "succinct" na "concise". Mtego uliwekwa kwa makusudi, nao haukuhitaji neno moja gumu.

Weka ukurasa maalumu wa vipande vidogo kama hiki na uujaze kwa sentensi unazokutana nazo. "All but" ni karibu kabisa: "all but extinct" ni kiumbe aliyekaribia kutoweka. "Nothing but" ni hicho tu. "Nothing if not cautious" ni mwenye tahadhari sana. "Not so much X as Y" inakataa X na kushika Y. "For all its elegance" ni licha ya uzuri wake. "Hardly" na "scarcely" hukanusha. "Save" katikati ya sentensi mara nyingi ni "isipokuwa". "Belie" husema sura ya nje inadanganya. Na nukta pacha ina kazi: kinachofuata baada yake hueleza kilichotangulia, kwa hiyo pengo likiwa upande mmoja, jibu liko upande wa pili.

Kujifunza mizizi ya Kilatini na Kigiriki kunasaidia?

Kunasaidia kukumbuka, hakusaidii sana kukisia. Ukishajua "loqu" ni kusema, basi "loquacious", "eloquent", "colloquial" na "grandiloquent" yanakaa pamoja. Msemaji wa Kiswahili hana ugeni na jambo hili. Anajua pika, pikia, pikisha, mpishi ni ukoo mmoja. Mizizi 40 inatosha.

Hatari ni kuiamini kupita kiasi. "In-" haileti kinyume cha neno kila mara: "invaluable" ni cha thamani mno, "inflammable" kinawaka, na "infamous" ni maarufu kwa ubaya. "Enervate" linafanana na "energy" lakini maana yake ni kudhoofisha, na watunga mitihani wanalijua hilo vizuri.

Maneno yanayofanana yananichanganya. Nifanyeje?

Usiyajifunze pamoja siku moja, ndicho kinachoyachanganya. Jifunze "ingenious", la ubunifu, mpaka likae, kisha baada ya wiki mbili lete "ingenuous", la mtu mnyoofu asiye na hila. Fanya hivyohivyo kwa "prescribe" na "proscribe", "discreet" na "discrete", "venal" na "venial", "flout" na "flaunt". "Disinterested" kwenye GRE ni asiyeegemea upande. Asiye na hamu ni "uninterested".

Nilisoma kwa Kifaransa, Kongo au Burundi. Nianzie wapi?

Una mtaji ambao wengine hawana. "Loquace", "laconique", "éphémère", "perspicace", "prolixe", "pusillanime": maneno haya yaliyo magumu kwa msomaji wa Nairobi kwako ni ya darasani. Hivyo usipoteze kadi kwayo. Weka nguvu kwenye yasiyotoka Kilatini, kama "wary", "thwart", "quell", "shun", "bolster", na kwenye vipande vidogo vilivyotajwa juu.

Kisha orodhesha marafiki wa uongo. "Sensible" kwa Kiingereza ni mwenye busara. "Actual" ni halisi, si cha sasa. "Eventually" ni hatimaye, si labda. "Pretend" ni kujifanya, si kudai. "Ignore" ni kupuuza, si kutojua.

Nianze miezi mingapi kabla?

Mitatu ndiyo ya kawaida kwa mwenye kazi. Minne au mitano kama shule ya msingi ulisoma kwa Kiswahili na tangu chuoni hujasoma Kiingereza kwa wingi. Siku moja: dakika 40 za kusoma, 20 za daftari na kamusi, 15 za kadi. Mwezi mmoja? Basi kusoma hakutakufikisha peke yake: chukua familia 570, vipande vidogo, maana za pili, na maswali rasmi ya ETS, shirika linalotunga mtihani. Maneno adimu yaache.

Saa nane za Jumapili hazilipi dakika 75 za kila siku zilizorukwa.

Bando ni ghali na ninasomea kwenye simu.

Ukiwa kwenye Wi-Fi, hifadhi makala 10 kama PDF na uzime data unaposoma. Utaokoa bando na pia utaepuka meseji. Kamusi nyingi zina toleo la kufanya kazi bila intaneti. Lakini mtihani utaufanya kwenye kompyuta, kwa hiyo wiki tatu za mwisho soma kwenye skrini kubwa, hata ya maktaba, ukiwa umekaa mezani. Macho yaliyozoea mistari mifupi ya simu hupotea kwenye kifungu kirefu.

Nitajuaje kama ninasonga mbele?

ETS wanatoa mitihani miwili kamili ya majaribio bure, inaitwa PowerPrep. Fanya wa kwanza mwanzoni kabisa, na wa pili siku kama kumi kabla ya mtihani. Usiimalize yote mapema.

Baada ya kila zoezi, kila swali ulilokosa liandikie sababu: neno sikulijua, nililijua kwa maana nyingine, nilipita neno dogo, nilielewa yote lakini nilikosea hoja. Baada ya maswali 50 utaona fungu lipi limejaa. Kama ni la kwanza, endelea kusoma na kadi. Kama ni la tatu au la nne, kuongeza maneno mapya hakutakusaidia. Punguza kasi, soma sentensi mara mbili, na ujaze pengo kwa neno lako mwenyewe, hata la Kiswahili, kabla ya kutazama machaguo.

Ukilazimika kurudia mtihani, unasubiri siku 21, na huruhusiwi zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12.

Nimekaa kwenye mtihani na neno silijui kabisa. Sasa?

Usilikatae kwa sababu hulijui, wala usilichague kwa sababu linaonekana la kisomi. Jaza pengo kwa neno lako, kisha ondoa machaguo unayoyajua ambayo hayafai. Kwenye Sentence Equivalence tafuta jozi: chaguo lisilo na mwenzake kati ya yale sita ni nadra kuwa jibu, hata likikaa vizuri. Kwenye Text Completion ya nafasi tatu anza na pengo lenye dalili nyingi, si lazima la kwanza.

Dakika moja ikipita, chagua, weka alama ya kurudi, na uendelee. Ndani ya kipande unaruhusiwa kurudi nyuma. Usiache pengo tupu: jibu baya halikatwi alama.